Huria na Bure: Mifumo ya Ufundishaji kwa Kompyuta na Haki ya Kutaja Mambo katika Pwani ya Bagamoyo na Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza hutumia moja. Kitu kinachopatikana bila malipo ni cha bure. Kitu ambacho mtu ana ruhusa ya kukitumia, kukichunguza na kukibadili ni huria. Kwa miaka mingi wataalamu wa kompyuta wamelazimika kueleza kwamba programu wanazozitetea zinahusu uhuru na si bei, kwa sababu lugha waliyoanza nayo haikuwatenganishia dhana hizo mbili. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hayo. Tena analo jambo la ziada analolijua: neno bure lina maana nyingine, yaani pasipo faida. Anayetwanga maji kwenye kinu anafanya kazi bure.

Mhadhara huu unahusu mifumo ya kompyuta inayotumiwa na vyuo kuendeshea masomo, yaani programu ambamo mwalimu huweka maelezo ya kozi, wanafunzi husoma matini na kuwasilisha kazi zao, majaribio hufanyika na alama hutunzwa. Mfumo uliopata nafasi kubwa katika vyuo vikuu vya Tanzania ni Moodle, ambao ni programu huria. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kupokewa kwake ni ya kifedha: mifumo ya kibiashara ilidai ada ya leseni, na Moodle haikudai. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba faida kubwa zaidi ya mfumo huria ni haki ya kutaja mambo, yaani haki ya chuo kuamua kila kitu kilichomo katika darasa la kompyuta kiitwe nini na kwa lugha gani. Haki hiyo ilipatikana pamoja na programu, lakini kwa sehemu kubwa haijatumiwa. Ili uzito wake ueleweke, mjadala unaanzia Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Historia ya elimu ya mji huo inaonyesha zaidi ya mara moja tofauti iliyopo kati ya kupokea chombo cha elimu na kukimiliki.

2.0 Chuo, darsa na ijaza

Neno chuo lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, chuo kilikuwa kitabu. Kutokana na kitabu, neno likahamia mahali ambapo watoto walifundishwa kusoma Kurani, na aliyebobea katika elimu hiyo akaitwa mwanachuoni. Katika karne ya 20 neno hilohilo lilipandishwa daraja likawa jina la taasisi za elimu ya juu, hata leo mtu husema Chuo Kikuu bila kukumbuka kwamba asili ya neno ni karatasi zilizoshonwa pamoja. Hakuna mamlaka ya nje iliyotoa kibali cha mabadiliko hayo. Jamii iliyolitumia neno ndiyo iliyolisogeza, hatua kwa hatua, kadiri taasisi zake zilivyobadilika.

Bagamoyo ulikuwa mji wa vyuo vya aina hiyo kabla haujawa mji wa vyuo vya serikali. Miongoni mwa walimu wake mashuhuri alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka mashariki ya Kongo. Alijifunza dini, akafungua darsa, na hatimaye akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya ambaye sifa zake zilivuka mipaka ya mji. Mtu aliyeingia Bagamoyo akiwa mali ya mwingine alimaliza maisha yake akiwa mwenye mamlaka ya kufundisha na kuwaidhinisha wengine wafundishe.

Uidhinishaji huo una jina lake katika elimu ya Kiislamu, nalo ni ijaza. Mwanafunzi aliyesoma kitabu mbele ya mwalimu na kukimaliza hupewa ruhusa ya kukifundisha. Ruhusa hiyo hutaja mnyororo wa majina: nani alisoma kwa nani, mpaka kumfikia mwenye kitabu. Mambo mawili ya ijaza yanafaa kukumbukwa katika mjadala huu. Kwanza, elimu haikuuzwa kama bidhaa ambayo mwalimu hubaki na ufunguo wake. Aliyepokea alitarajiwa kupokeza. Pili, aliyepokeza hakufuta majina ya waliomtangulia.

Leseni za programu huria zinakaribiana na ijaza katika mambo hayo mawili, na zinaachana nayo katika la tatu. Leseni ya Umma ya GNU, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na harakati iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, humruhusu mtu kuitumia programu, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Sharti lake kuu ni kwamba anayeigawa programu aliyoibadili aigawe kwa ruhusa zilezile, na kwamba tamko la haki la walioiandika lisiondolewe. Tofauti ni hii: ijaza ililinda matini isibadilike, ilhali leseni huria inalinda haki ya kuibadilisha. Mpokeaji wa leseni huria kwa hiyo ana wajibu ambao mpokeaji wa ijaza hakuwa nao. Asipoibadili programu pale isipomfaa, kosa haliko kwa aliyeiandika.

3.0 Maarifa ya Bagamoyo chini ya jina la mwingine

Ushahidi wa pili unahusu umiliki, na unatoka Bagamoyo, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla makao hayo hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanzisha kituo chao mjini hapo tangu mwaka 1868. Mmoja wao, Charles Sacleux, alikaa pwani kwa karibu miaka 20 akikusanya maneno, lahaja na majina ya mimea. Kazi yake kubwa, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa, ilichapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, miongo minne baada ya yeye kuondoka Afrika ya Mashariki. Mpaka leo mtafiti wa Kiswahili hawezi kuipuuza. Hata hivyo, wenyeji waliotoa maneno hayo walihitaji kujua Kifaransa ili wasome maana ya maneno yao wenyewe.

Mfano wa Mtoro bin Mwinyi Bakari ni mzito zaidi. Mtoro alikuwa mwenyeji wa viunga vya Bagamoyo na mwalimu wa Kurani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kilichapishwa huko Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli, ambacho Mtoro ndiye mwandishi wake mkuu. Jina lililotangulia kwenye jalada lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani wa Seminari hiyo aliyeyakusanya na kuyahariri maandishi. Mwaka 1905 Mtoro aliiacha kazi yake kutokana na dharau waliyomfanyia baadhi ya wanafunzi. Alipojaribu kurejea nyumbani na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni hawakumruhusu ashuke naye, na alifariki Ujerumani mwaka 1927. Ilibidi ipite zaidi ya miaka 70 tangu kitabu kilipotoka, hadi tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981, ndipo jina lake likae mbele linapostahili.

Mifano hii miwili haikusudiwi kuwahukumu wanaisimu wa zamani kwa mizani ya leo. Sacleux na Velten walihifadhi mengi ambayo vinginevyo yangepotea. Kinachoonyeshwa ni mpangilio wa kazi: malighafi ya lugha ilitoka pwani, chombo kikaundwa Ulaya, na haki ya kukirekebisha ikabaki huko. Msomaji wa Bagamoyo aliyeona kosa katika kitabu hakuwa na njia ya kulisahihisha. Mpangilio huo ndio unaopaswa kuulizwa kila chombo kipya cha elimu kinapoteremshwa pwani, kompyuta ikiwa mojawapo.

4.0 Kutoka redio hadi Moodle

Kabla ya kompyuta, Tanzania ilikuwa na uzoefu mkubwa wa kufundisha watu walio mbali, na ilifanya hivyo kwa Kiswahili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha vipindi vya redio, vitabu vidogo na vikundi vya kujisomea vijijini, na ilikadiriwa kuwafikia watu wapatao milioni 2. Redio haikuvumbuliwa Tanzania, wala mitambo yake haikutengenezwa hapa. Lakini kilichopita ndani ya redio kilisemwa kwa lugha ya wasikilizaji, na istilahi za afya zilichaguliwa na Watanzania waliojua nani atasikiliza. Kwa maana hiyo, elimu ya masafa ilipata lugha yake kabla haijapata kompyuta.

Mifumo ya kompyuta ilipoanza kuingia vyuoni mwishoni mwa karne ya 20, hali ilikuwa tofauti. Mfumo uliotangulia kwa umaarufu ni WebCT, ulioundwa katikati ya miaka ya 1990 na Murray Goldberg katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Ulianza kama kazi ya mwalimu mmoja, kisha ukawa bidhaa ya kampuni. Mshindani wake mkubwa, Blackboard ya Marekani, aliinunua WebCT mwaka 2006, na baadaye jina la WebCT likaachwa. Chuo kilichojenga kozi zake juu ya WebCT kilijikuta kimekuwa mteja wa kampuni nyingine bila kuulizwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nayo anaweza kuidai wakati wowote.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia njia hiyo. Kilianza na mifumo ya kibiashara, WebCT kisha Blackboard, na kuelekea mwisho wa muongo wa 2000 kikahamia Moodle. Gharama ya leseni ilikuwa sababu kubwa ya uamuzi huo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuwahudumia wanafunzi kupitia vituo vya mikoa, ukiwamo Mkoa wa Pwani ambamo Bagamoyo imo, nacho kiliichukua Moodle. Si jambo dogo kwamba chuo ambacho jina lake lina neno huria kinaendesha masomo yake kwa programu yenye sifa hiyohiyo.

Historia ya Moodle inaeleza kwa nini mfumo huo ulifaa mazingira haya. Mwanzilishi wake, Martin Dougiamas, alikulia katika eneo la mbali la Australia Magharibi na akiwa mtoto alisoma kwa njia ya redio. Baadaye alifanya kazi ya kuusimamia mfumo wa WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin, mjini Perth. Aliyaona mapungufu ya mfumo ambao hakuruhusiwa kuufungua na kuurekebisha, akaamua kuandika wake. Toleo la 1.0 la Moodle lilitolewa tarehe 20 Agosti 2002 kwa Leseni ya Umma ya GNU. Kwa hiyo Moodle ilizaliwa na msimamizi wa mfumo aliyechoka kumwomba mwenye mali ruhusa ya kutengeneza kilichoharibika.

Kikwazo kikubwa cha miaka hiyo kilikuwa mawasiliano. Hadi katikati ya mwaka 2009 Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na za mwendo wa polepole. Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, na ile ya EASSy mwaka 2010, ufundishaji kwa mtandao ulianza kuwezekana kwa kiwango kipya. Ni muhimu kutambua mfuatano huu. Mfumo ulichaguliwa wakati fikra zote zilikuwa juu ya bei ya leseni na upana wa njia ya mawasiliano. Swali la lugha halikupewa nafasi mezani.

5.0 Kiswahili kinaingia katika programu

Halikukosa kupewa nafasi kwa sababu ya ukosefu wa wataalamu. Karibu na wakati huohuo, katika Chuo Kikuu hichohicho, Kiswahili kilikuwa kimeingia katika programu huria kwa mafanikio. Mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa kompyuta na wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilikuwa na uzoefu wa miongo mingi wa kuunda istilahi. Toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu nalo lilitoka mwaka huohuo wa 2004.

Istilahi za kompyuta zilizaa mijadala. Chombo chenyewe kiliitwa kompyuta na wengine, ngamizi na wengine, na tarakilishi na wengine, hasa nchini Kenya. Neno la siri lilishindana na nywila. Jambo la kuvutia zaidi kwa mwanahistoria ni maneno ambayo hayakuhitaji kuundwa, kwa kuwa pwani ilikuwa nayo. Kupakia na kupakua ni lugha ya majahazi na ya wapagazi. Bandari ya Bagamoyo iliishi kwa vitenzi hivyo viwili katika karne ya 19, misafara ya bara ilipofikisha pembe za ndovu ufukweni na vyombo vilipoteremsha vitambaa na shanga. Jikoni pia, chakula hupakuliwa kutoka chunguni. Mwanafunzi anayepakua mhadhara na kupakia kazi yake anatumia picha ambayo babu yake angeielewa papo hapo. Vivyo hivyo, neno jukwaa lilikwisha kubeba maana ya mahali pa kusimama na kusema, na baraza lilikuwa sehemu ya nyumba ya Mswahili ambapo mazungumzo ya watu wazima hufanyika. Lugha haikuwa maskini wa maneno. Ilikosa mwaliko.

Haki inadai itajwe pia kwamba kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows katikati ya muongo huo, na kwamba wataalamu wa Kiswahili walishiriki katika kazi hiyo. Tofauti kati ya njia hizo mbili haiko katika ubora wa tafsiri. Iko katika linalofuata baada ya tafsiri kutolewa. Neno likionekana halifai katika programu iliyofungwa, mtumiaji hutuma maombi na kungoja. Likionekana halifai katika programu huria, mwenye ujuzi hulibadilisha.

6.0 Ngeli ndani ya programu

Uzito wa haki hiyo huonekana vizuri zaidi katika sarufi kuliko katika msamiati. Moodle huyahifadhi maneno yote yanayoonekana kwenye skrini mbali na maagizo yanayoiendesha programu. Kila lugha ina mafaili yake. Kila faili ni orodha ya vifungu. Kila kifungu kina ufunguo usiobadilika na maneno yanayoweza kubadilishwa. Msimamizi wa mfumo chuoni anaweza kubadili kifungu kimoja kwa ajili ya chuo chake bila kugusa maagizo ya programu. Aidha, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2010, watafsiri hutumia tovuti moja ya pamoja ambamo michango hupokewa na kupitiwa na msimamizi wa kila lugha.

Tatizo ni kwamba vifungu hivyo vilitungwa na watu waliofikiri kwa Kiingereza. Baadhi yake huwa na pengo ambalo programu hulijaza kwa jina lolote. Moodle, kwa mfano, imekuwa na kifungu kimoja cha kumtangazia mwalimu kwamba anaongeza shughuli mpya katika kozi. Jina la shughuli huingizwa penye pengo. Katika Kiingereza kivumishi hakibadiliki, kwa hiyo kifungu kimoja kinatosha kwa shughuli zote. Katika Kiswahili mtafsiri anayeandika "Kuongeza … mpya" atakuwa sahihi kwa kazi mpya, warsha mpya na faharasa mpya. Atakosea mara tu pengo litakapojazwa na kitabu, jukwaa, somo au jaribio, kwa kuwa Kiswahili kinadai kitabu kipya, jukwaa jipya, somo jipya na jaribio jipya. Hali huwa mbaya zaidi kwa vitenzi. Kifungu kinachosema "… imefutwa" kitafaa kwa kozi, lakini jukwaa limefutwa, kitabu kimefutwa, maswali yamefutwa na mtumiaji amefutwa.

Makosa ya namna hii si madogo. Upatanisho wa kisarufi ndio uti wa mgongo wa sentensi ya Kiswahili. Programu inayoandika "jukwaa mpya imefutwa" humfundisha mwanafunzi, kila siku na kwa mamlaka ya chuo, kwamba Kiswahili hakikuumbwa kwa ajili ya shughuli za kitaalamu. Msomaji huanza kukilaumu Kiswahili, ilhali kosa ni la mshono.

Mtafsiri ana njia tatu. Ya kwanza ni kukwepa upatanisho kwa kutumia nomino ya kitendo, kama vile "Ufutaji umekamilika", kisha jina la kitu likafuata peke yake baada ya nukta mbili. Ya pili ni kutanguliza nomino moja ya jumla itakayobeba upatanisho wote: "Kipengele kipya", "Kipengele kimefutwa", hata kama kipengele hicho ni jukwaa au somo. Njia hizi mbili zinawezekana katika programu ya aina yoyote, lakini zote ni za kujikunja ili kuingia katika nguo ya mtu mwingine. Ya tatu ni kukigawa kifungu chenyewe, ili kila shughuli iwe na sentensi yake kamili. Njia hii inadai ruhusa ya kugusa maagizo ya programu, na ruhusa hiyo hupatikana katika mfumo huria peke yake. Lugha nyingine za Kibantu zenye ngeli zingenufaika papo hapo na badiliko la namna hiyo, kwa kuwa kinachorekebishwa kwa ajili ya Kiswahili kinarekebishwa pia kwa ajili ya Kiganda na Kizulu.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika kuliko mhandisi. Mhandisi huliona pengo akadhani ni la kujazwa tu. Mwanaisimu hujua kwamba neno linaloingia huamuru maneno yaliyo jirani yake.

7.0 Gharama ya uhuru

Leo Bagamoyo ni mji wa vyuo kwa maana ya sasa ya neno hilo. Ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Upo Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), unaowaandaa viongozi wa shule. Kipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka. Mbegani, kusini kidogo mwa mji, kuna mafunzo ya uvuvi. Swali linaloikabili taasisi ya namna hii inapotaka mfumo wa ufundishaji si lile lililoukabili uongozi wa chuo kikuu kikubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Programu ipo, haina ada, na imejaribiwa. Linalobaki ni nani ataitunza.

Programu isiyolipiwa ada ina gharama zake. Inahitaji seva, umeme wa uhakika, nakala za akiba, na mtu anayejua kuisasisha kabla mianya ya usalama haijatumiwa na wahalifu. Inahitaji walimu waliofundishwa kuitumia kwa zaidi ya kuweka maandishi ya mhadhara. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, ilidhihirika kwamba kuwa na mfumo kwenye seva hakutoshi kuendeleza masomo. Mwanafunzi asiye na vifaa wala fedha za vifurushi vya intaneti hana namna ya kuufikia.

Katika orodha hiyo ya gharama, lugha haina budi kuongezwa. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha za Moodle, lakini tafsiri yake haijakamilika, na mahali palipobaki wazi Kiingereza hujitokeza. Matokeo yake ni skrini yenye lugha mbili zilizochanganywa bila mpango, na msimamizi wa mfumo huona heri kukiacha Kiingereza peke yake. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970 kuthibitisha kwamba taaluma ya chuo kikuu inaweza kufundishwa kwa Kiswahili. Ni kinyume cha mambo kwamba, zaidi ya miaka 50 baadaye, mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili huweza kulazimika kupita katika mlango wa Kiingereza ili aiwasilishe.

Kazi iliyobaki inapimika. Ni orodha ya vifungu inayoweza kugawanywa kwa wanafunzi wa shahada za isimu na tafsiri, kila mmoja akachukua faili moja, kazi yake ikapitiwa na mwalimu na ikahesabiwa katika alama zake. Istilahi zingejadiliwa kwa pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa. Tofauti na Mtoro, kila mchangiaji angeacha kumbukumbu ya mchango wake mahali ambapo umma unaweza kuiona.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mipangilio mitatu ya elimu katika pwani hii. Katika ule wa darsa, aliyepokea aliruhusiwa kupokeza lakini si kubadili. Katika ule wa ukoloni, wenyeji walitoa lugha yao, na haki ya kuirekebisha kazi iliyotokana nayo ikabaki kwa wengine. Katika ule wa programu huria, mpokeaji anaweza kupokea, kubadili na kupokeza, na majina hayafutwi. Mpangilio huu wa tatu haukutolewa na Tanzania, lakini hakuna sehemu yake iliyofungwa kwa Mtanzania.

Vyuo vilipoichukua Moodle vilikuwa vikitafuta kitu cha bure, na vilikipata. Pamoja nacho vilipewa kitu huria, ambacho hawakukiomba na wengi hawajakifungua. Mfumo wa aina hiyo ukiachwa jinsi ulivyoletwa, ukasema kwa lugha uliyokuja nayo, unakuwa wa bure kwa maana zote mbili za neno. Waliolitoa neno chuo katika kitabu wakalifikisha chuo kikuu hawakungoja kibali cha mtu. Kibali cha kufanya vivyo hivyo kwa maneno ya darasa la kompyuta kimekwisha kuandikwa na kutiwa sahihi, tangu mwaka 2002.